Kutafuta kazi Malindi bila kuzunguka na bahasha: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Naandika hii manake nimechoka kuchapa sivii zisizofika popote. Nina kibanda cha saiba huku Barani, hapa Malindi pwani ya Kenya, kompyuta tatu na printa moja yenye kikohozi, na kila mwaka ikifika mwezi wa tano ni yale yale. Kijana anaingia na elfu moja aliyotumiwa na dadake, anataka kopi 20 na bahasha za kaki 20, anapanda Lamu Road anashukia Casuarina kwenye hoteli na vila, kila geti anaacha bahasha. Jioni anarudi viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi. Wiki mbili baadaye yuko tena mlangoni ananiuliza ka nilikosea namba yake ya simu, mbona hamna aliyepiga.

Namba iko sawa. Mwezi ndio mbaya, na ile bahasha askari wa geti alifunikia kikombe cha chai.

Mambo ya uchumi umeharibika vipi na nani kauharibu sitayagusa, hayo tutaongea barazani. Hapa nakupa njia ambayo nimeona ikifanya kazi kwa watu wasio na shangazi hotelini. Haina miujiza na itakuchukua ka miezi miwili hivi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha taifa, na kopi zake tano
- Simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, sio la mamako
- Shilingi 1,050 za cheti cha polisi
- Daftari dogo na kalamu (usicheke, utaona mwisho)
- Viatu vilivyofunga vidole, sio ndala
- Mtu mmoja ambaye ushamfanyia kazi yoyote ile na atakubali kupigiwa simu

Hela za kopi 20 usizitoe. Kopi tatu za sivii zinatosha.

## Hatua ya 1: Jua upepo uko wapi

Huu mji haulipi sawa mwaka mzima. Pasaka ikishapita hoteli nyingi zinapunguza watu, zingine zinafunga kabisa Mei na Juni masika ikiwa imeshika, halafu zinafungua Julai kungoja Wataliano wa likizo ya Agosti, kisha panalala tena kidogo mpaka Disemba ndio hai sizoni yenyewe, msimu mkubwa wa wageni, inaingia inaenda hadi Machi.

Bahari nayo ina kalenda yake. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi kwenda Septemba, vidau vidogo vinashinda ufuoni, kwa hivo usiende kuombea kazi ya uvuvi hapo ukashangaa kufukuzwa. Kaskazi likiingia maji yanatulia. Chumvi kule Gongoni na Marereni inataka jua, mvua ikinyesha wiki nzima vibarua wanakaa.

Sasa chukua daftari gawanya mwaka hivi. Mei na Juni ni miezi ya makaratasi na ukarabati. Mwisho wa Juni ni wakati wa geti, yaani kubisha hotelini kuomba kazi. Septemba na Oktoba ukarabati tena, Novemba geti tena. Ukibisha Januari hoteli ishajaza watu, ukibisha katikati ya Mei wanaachisha, utakuwa unaomba kuingia mlango ambao wenzako wanatokea.

Umefaulu ukiweza kupita Casuarina ukajua bila kuuliza ni nyumba gani inajiandaa: makuti mapya yamerundikwa nje, pikapu ya rangi imeegeshwa, mchanga umemwagwa kando ya ukuta.

## Hatua ya 2: Makaratasi, na hapa ndio wengi mnaangukia

Sababu ni moja tu. Kazi ikitokea inatokea leo. Msimamizi anataka mtu kesho saa moja, na akiuliza una cheti cha polisi ukasema "nitatafuta", anampigia mwenye nacho. Ushapoteza.

Cheti cha polisi. Unaomba kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unalipa 1,050, unachapa fomu ya C24, unapeleka ukachukuliwe alama za vidole, kisha unangoja. Kungoja kwenyewe hakutabiriki, ndio maana nakwambia anza sai. Onyo kwa mafundi wa mawe na wavuvi: vidole vikilika na simiti au kamba, alama hazitoki na utarudishwa urudie. Pumzisha mikono siku kadhaa, paka mafuta ya nazi usiku. Kuna baba mmoja wa kuchonga mawe alirudia mara tatu, ya tatu alikuwa ametoka kulala wiki moja na homa, na ndio zikatoka vizuri.

PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Ni bure. Mimi mwenye saiba ndio nakwambia, unacholipa kwangu ni vidole vyangu na umeme. Lakini sikiza hapa, manake hili limewaumiza wengi: ukishakuwa na PIN kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni lazima ufanye ritani, yaani kuwatangazia KRA mapato yako, hata ka hukupata shilingi moja. Usipofanya faini ni 2,000. Watu wanakuja kwangu kutafuta kazi ya vibarua wakiwa na deni la miaka mitatu la kutofanya chochote.

SHA na NSSF. SHA ndio bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, unajisajili kwa simu *147#. Kadi ya zamani ya NHIF weka kwa albamu. NSSF, ile akiba ya uzeeni, pia kujisajili ni bure.

Cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Hiki ni cha wale wanaotaka jikoni, mkahawani, hata kubeba sinia tu. Kinatoka afya ya umma, unapimwa, na kinaisha baada ya miezi 6. Usikichukue Februari ukakitegemea Disemba. Pima mwezi mmoja kabla ya msimu.

Kwa mafundi: ka unajua stima, bomba, useremala au uashi lakini hukusomea, fanya jaribio la NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, lile la gredi ya ufundi. Gredi ya tatu ndio ya kuanzia. Fundi mwenye gredi na fundi asiye nayo wanaweza kuwa na mkono mmoja, lakini mmoja anaitwa fundi na mwingine anaitwa "we kijana".

Umefaulu ukiwa na kila kitu kwa faili moja ya plastiki, na picha zake kwa simu, na ukijitumia pia kwa imeli, manake simu huibiwa kwa tuktuk.

## Hatua ya 3: Sivii ya ukurasa mmoja

Futa ile sentensi ya juu kabisa inayosema unatafuta mahali penye changamoto pa kukuza kipaji chako. Nimeichapa mara mia tano na sijaona ikimpatia mtu hata kazi ya kufagia.

Anza na jina, mtaa, namba. Mtaa muhimu. Msimamizi wa Silversand akiona unatoka Muyeye anajua utafika saa kumi na mbili unusu bila kulia nauli, akiona Mombasa anajua atakuangalizia na pa kulala. Halafu andika unachoweza kufanya kwa mikono, kwa vitenzi: napaka rangi, nasafisha bwawa, napika wali wa watu hamsini, naendesha boda na leseni ninayo. Kisha umefanya wapi, hata ka ni harusi ya jirani. Kisha yule mtu mmoja wa kupigiwa simu, na umwambie kabla, usimshtukize. Kuna mtu alipigiwa simu kuulizwa kuhusu kijana wake akajibu "namdai mia nne." Basi.

Lugha. Huku Kitaliano ni mtaji, hilo kila mtu anajua, lakini watu wanaishia kwa *ciao* na *amico* za ufuoni. Jifunze maneno 30 ya kazi unayoitaka. Ka ni vyumba: ufunguo ni *chiave*, taulo ni *asciugamano*, safi ni *pulito*, sasa hivi ni *subito*. Andika kwa daftari, uliza wazee waliofanya hoteli, wamejaa tele mitaani na hawalipishi, wanafurahi mtu kuwasikiza.

## Hatua ya 4: Ingia kwa mlango wa ukarabati

Hii ndio hatua yenyewe, zingine zote zinaisaidia hii.

Nyumba ikifungwa msimu wa mvua ndio inarekebishwa. Makuti yanaoza yanabadilishwa, kuta za chokaa zinapigwa rangi upya manake chumvi ya bahari inazila, mabwawa yanakaushwa, bustani zinafyekwa, vitanda vinapakwa vanishi. Hizo kazi haziombwi kwa sivii. Zinashikwa na mafundi wachache, na fundi anabeba vibarua wake mwenyewe. Kwa hivo wewe usimtafute meneja, mtafute fundi makuti, fundi rangi, fundi bwawa. Hawa hawana ofisi. Utawapata kwa maduka ya vifaa asubuhi wakinunua, au kwa mikahawa ya chai na mahamri saa kumi na mbili alfajiri kabla hawajatawanyika.

Unamwambia nini? Usimwambie unatafuta kazi, kila mtu anatafuta kazi. Mwambie: "Fundi, ukipungukiwa mtu wa kubeba leo au kesho, mimi niko, naitwa fulani, nakaa Maweni, hii namba yangu." Halafu kesho uwe pale pale saa ile ile. Na kesho kutwa. Siku ya nne au ya tano mtu wake mmoja atakosa, manake vibarua huumwa na huoa na hulewa, na wewe ndio utakuwa umesimama.

Kijana mmoja wa Kisumu Ndogo nilimkatalia kumchapia kopi, nikamwambia nenda kabebe makuti. Alininunia sana. Lakini alienda, akapata siku tatu kwa vila moja kubwa, kazi yake ni kupandisha makuti kwa kamba na kuokota yaliyooza. Sasa yale mabaki yalikuwa yanaangukia bwawani. Hakuna aliyemtuma, jioni wenzake wakioga yeye akachukua ule wavu mrefu akatoa takataka zote, akauliza mzee mwangalizi mashine ya kuchuja inazimiwa wapi. Siku ya tatu mzee akaandika namba yake ukutani kwa makaa, karibu na swichi ya stima. Baada ya ka wiki tano hivi akapigiwa. Sio kazi kubwa, ni kusafisha bwawa siku tatu kwa wiki, na hela zenyewe ni za kuhesabu kwa mkono mmoja. Lakini yuko ndani ya geti, na wenye vila jirani wanamwona.

Kina dada, ukarabati sio wa wanaume peke yao. Kufuma makuti kunafanywa nyumbani na kina mama wengi wa Ganda na Kakuyuni wanaishi kwa hiyo, na usafi wa mwisho baada ya mafundi kutoka (kukwangua rangi vioo na vigae) unatafutwa watu kwa haraka sana siku mbili kabla ya mgeni kuingia. Mwambie fundi rangi aliye karibu kumaliza: usafi wa mwisho nani anafanya?

Onyo: kubalianeni hela kabla ya kupanda ngazi. Sheria inasema kibarua wa kutwa analipwa mwisho wa siku. Fundi akisema "tutahesabu tukimaliza" siku ya kwanza mvumilie, siku ya pili muulize, siku ya tatu ka hujaona kitu usirudi. Mimi mwenyewe kabla ya saiba niliwahi kufyeka kiwanja siku tisa kwa ahadi, na mwenye ahadi namwona mpaka leo akipita na gari, tunasalimiana.

Umefaulu mtu wa ndani ya geti, sio fundi, akiwa na namba yako.

## Hatua ya 5: Geti lenyewe

Wiki mbili tatu kabla ya kufunguliwa ndio unabisha sasa. Nenda saa moja asubuhi. Saa nne jua kali, msimamizi ashachoka na maneno ya watu, na Ijumaa mchana usiende kabisa, nusu ya mji iko msikitini.

Askari wa geti ndio ofisi ya kwanza. Msalimie mtu mzima vizuri, shikamoo au salaam aleikum, uliza kazi iko vipi, ngoja ajibu. Wengi wanampita ka nguzo halafu wanashangaa bahasha kufunika kikombe. Ukishasalimia sema sentensi moja: wewe ni nani, unatoka wapi, unajua kufanya nini, makaratasi unayo hapa, na ulifanya kazi ya makuti na fundi fulani kwa nyumba ya pili. Hiyo ya mwisho ndio inafungua, manake anamjua fundi. Ukiambiwa hakuna, uliza "nirudi lini?" na uandike tarehe mbele yake. Kisha urudi hiyo tarehe. Wanaorudi ni wachache sana.

Usiishie Malindi mjini. Watamu ni safari fupi ya matatu kupitia Gede na hoteli zake hazifuati ratiba moja na za huku.

## Hatua ya 6: Wanaokula watu wenye njaa

Hapa nisome polepole.

Kazi ya kweli hailipishwi kuingia. Akikuambia lipa ya fomu, ya yunifomu, ya "mzee wa juu", hiyo sio kazi. Hata polisi na jeshi, matangazo yao yenyewe yanasema kusajiliwa ni bure, na bado kila mwaka kuna familia huku inauza mbuzi wote kumpa mtu wa suti.

Kazi za Ghuba, huko Uarabuni: ajenti lazima awe amesajiliwa na mamlaka ya ajira ya taifa, ile NEA, na orodha ya waliosajiliwa iko mtandaoni kwa wazi. Njoo saiba yoyote tuangalie, ni dakika tano. Soma mkataba kabla ya pasi yako kutoka mkononi mwako, na uhakikishe jina la mwajiri na mshahara viko kwa karatasi, sio kwa sauti ya WhatsApp. Akikwambia usafiri kwa viza ya utalii "utabadilishiwa ukifika", rudi nyumbani.

Na dada zangu, pia wadogo zangu wa kiume, huku kwetu msilifiche: akikuita intaviu chumbani au usiku, usiende. Mwambie mtu. Hiyo kazi haipo.

## Hatua ya 7: Cha kushikilia wakati unangoja

Miezi miwili bila hela inamaliza mtu, na mtu aliyemalizika anaonekana kutoka mbali, anaomba kazi ka anaomba msamaha. Kwa hivo tafuta kitu cha asubuhi au cha jioni kisichokula siku nzima. Viazi karai na achari nje ya nyumba jioni. Kachiri. Mabuyu ya rangi kwa watoto wa shule. Mahamri alfajiri, na hayo yanakupeleka pale pale mafundi wanapokunywa chai.

Anza na mtaji ambao ukipotea hutalia. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali kwa simu, ipo tangu Novemba 2022, *254#, ya mtu binafsi inaanzia mia tano, riba asilimia 8 kwa mwaka. Ni sawa kwa kununulia mafuta na viazi, mradi ukope kile viazi vya wiki hiyo vitarudisha. Zile apu zingine zinazokukopesha halafu zinampigia mkweo, ziache.

Na toka nyumbani kila siku, hata ka ni kwenda kusimama tu. Kazi nyingi nilizoona zikipatikana huu mji zilipatikana na mtu aliyekuwa anapita.

## Hatua ya 8: Ukishaingia, daftari

Siku ya kwanza fungua ukurasa mpya. Andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, ulicholipwa, nani alikulipa. Kila siku. Usiku kabla hujalala.

Sababu: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, anahesabika ni mtu wa mshahara wa mwezi na hawezi kufukuzwa kwa kuambiwa tu kesho usije, lazima apewe notisi. Kifungu cha 9 nacho kinataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu na zaidi. Waajiri wengine wanalijua hili vizuri, ndio maana utaona watu wanapumzishwa siku ya 28 kila mwezi. Ukipumzishwa hivo usigombane getini. Andika na hiyo siku.

Ikitokea dhuluma daftari lako ndio shahidi, ofisi ya leba wataliangalia, na wa hoteli na wa majumbani wana chama chao, KUDHEIHA.

Msimu ukiisha, kabla hujarudisha yunifomu, omba cheti cha kuonyesha umefanya kazi pale tangu lini hadi lini. Kifungu cha 51, ka umemaliza wiki nne mfululizo ni haki yako, sio hisani. Omba kwa upole, omba kwa maandishi, na uombe ukiwa bado unasalimiana vizuri na wa ofisini, manake Mei wakishafunga utakuta askari peke yake na mbwa.

Hiyo karatasi ukiipata nipitie hapa Barani. Nitakupigia kopi tatu, za kwanza bure.